Mrija Uliobaki Chunguni

Zedekiah alikwenda kupimwa ulevi bila kunywa hata chai, maana alidhani watamtoa damu. Alipiga mswaki mpaka fizi zikamuuma, akavaa koti lake la kanisani, akatoka Kangemi asubuhi na mapema hadi kliniki moja ndogo kule Ngara.

Binti yake, Nasimiyu, alikuwa amemwambia wazi: "Baba, enda upimwe. Wakisema uko sawa, kuja ukae na sisi hapa Mountain View. Ile room ya nyuma iko tu. Lakini mlevi siwezi, niko na mtoto." Na Zedekiah alikitaka chumba hicho vibaya sana. Fundi huyu wa viti alikuwa amechoka kuagwa usiku na redio yake mwenyewe.

Wala hakuwa na wasiwasi. Kwao Bungoma wazee huzunguka chungu kimoja cha busaa, kila mtu na mrija wake mrefu, na mlevi hajifichi: wenzake wakishatoa mirija yao, wake bado umo chunguni. Zedekiah hakuwahi kuachwa chunguni. Siku hizi alinywa chupa yake chumbani, mlango umefungwa, kisha akalala. Ulevi gani huo?

Mshauri aliitwa Debra, msichana mpole mwenye miwani. "Hatutoi damu, mzee. Ni maswali tu, na tunaangalia huu mwaka umepita."

Zedekiah aliisikitikia chai yake.

"Kuna mtu amelalamika juu ya kunywa kwako?"

"Hakuna."

Kweli tupu. Mkewe, Peres, alilalamika mpaka akachoka, akarudi kwao. Lakini huo haukuwa mwaka huu.

"Umegombana na mtu ukiwa umekunywa?"

"Na nani?"

"Umekosa shughuli ya familia juu ya pombe?"

Hakuwa akialikwa. "Hapana."

"Mikono inatetemeka asubuhi?"

"Ni baridi tu," alisema, akaisukuma zaidi mfukoni.

Debra alijumlisha, akatabasamu. "Alama imekuja chini, mzee, uko sawa. Nitakuandikia."

Zedekiah alipaswa kushangilia. Badala yake alishikwa na huzuni mbaya. Akilini alimwona mjukuu wake upande wa pili wa ukuta, akimsikiliza babu akifungua chupa. Huyo angekuwa na la kujibu kwa maswali haya.

"Madam, niulize tena."

"Maswali yale yale?"

"Yale yale. Lakini niulize kama mtu anaishi na watu."

Debra aliyarudia polepole. Safari hii Zedekiah alijibu ndiyo, na ndiyo tena, mpaka maswali yakaisha.

"Kwa chungu changu niko peke yangu," alisema. "Nani angeona mrija wangu umebaki?"

Debra alimpa karatasi yake iliyobadilika, akamwambia arudi Jumatatu waanze matibabu.

Nje, alimpigia Nasimiyu. "Nimepimwa. Siko sawa."

Upande wa pili wa simu mtoto alikuwa akicheka.

"Si ungesema tu uko sawa, Baba?" Nasimiyu alikuwa akilia.

"Ningekuja na chupa yangu kwako."

Simu ikakatwa. Zedekiah alifunga vifungo vya koti. Ilikuwa Ijumaa, Jumatatu ilikuwa mbali, na kule Kangemi hapakuwa na mtu wa kumuuliza mambo yalikwendaje.