Kisima cha Nyuma ya Gikomba

Kiangazi cha mwaka wa themanini na nne kilipiga hadi mifereji ya Shauri Moyo ikakauka siku nne mfululizo. Na siku hiyo ya nne ndiyo Waruguru alikuwa akitarajia wakwe. Selpher, shangazi yake Gordon, kijana aliyemtaka binti wa Waruguru, alikuwa ametoka Kisumu kuja kumtazama binti huyo, Lydiah, kabla ukoo haujafungua mdomo kuhusu posa. Nyama ilikuwapo, mchele upo, majani ya chai yapo. Maji, hata ya kulowesha ulimi wa paka, hakuna. Na mgeni asiyepewa chai hurudi kwao na habari.

Waruguru akashuka mtoni na debe, nyuma ya soko la Gikomba. Mto ulikuwa umebaki uzi mweusi unaonuka. Kando yake, mchangani, jirani yake Muasya, mchonga vinyago, alikuwa amepiga magoti akifukua kwa mikono.

Waruguru akamwuliza amezika nini humo. Kwao Murang'a, akamwambia, mto hutiririka mbele ya macho ya watu, haufukuliwi kama kiazi. Muasya hakukasirika. Alijibu kwamba kwao Kitui mito hulala chini ya mchanga ikikimbia jua, na mwenye adabu hubisha hodi taratibu.

Kweli, shimo likaanza kutoka jasho. Maji yakajikusanya kiasi cha bakuli. Waruguru hakungoja, alitumbukiza debe zima. Kuta zikaporomoka, shimo likawa uji wa matope.

"Mama Lydiah," Muasya akasema polepole, "hata wakwe ukiwapokea hivi watakimbia."

Akafukua upya, mbali zaidi na ule uzi mweusi. Maji ya kwanza aliyateka kwa kibuyu akayamwaga. Ya pili akayamwaga vilevile, Waruguru akashika kichwa. Ya tatu yakaja maangavu. Kibuyu kimoja, ngoja. Kibuyu kimoja, ngoja.

Robo debe ilipopatikana, Waruguru alikimbia nayo nyumbani, akaichemsha weee kwa chai na wali, na kumtuma Lydiah, na gauni lake jipya, akampokee Muasya kibuyu na kuendelea kuteka.

Selpher alifika mapema, kama wafanyavyo wanaokuja kukagua. Alikunywa kikombe cha kwanza, akatazama mlango. Akanywa cha pili. Mwishowe akauliza yuko wapi huyo msichana.

Waruguru alitafuta uongo mzuri akaukosa. "Yuko mtoni, mama. Maji ya chai unayokunywa, yeye ndiye anayeyateka."

Selpher akaweka kikombe chini, akavua viatu na kuomba aonyeshwe njia.

Walimkuta Lydiah na matope hadi magotini, ametulia kando ya shimo, anangoja. Selpher alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa mchangani kwa uzito wake wote na kukipokea kile kibuyu.

"Wazee watakuja Agosti," akamwambia Waruguru bila kugeuka. "Sasa keti. Zamu yako ni baada yangu."

Waruguru akaketi. Huko nyumbani wali ulikuwa ukipoa, na hakuna aliyeukumbuka.