Kamba Iliyobaki Botini

Kabla hawajaruka majini, kaka wa mkewe alimcheka. "Shemeji, kamba ya nini? Meli hii si umeiingia mara mia? Au ndio uzee huo?"

Mzamiaji akaona haya. Kamba ya kuwarudisha mlangoni akaiacha palepale botini.

Sasa wako ndani kabisa ya meli iliyozama, kwenye chumba cha injini. Shemeji amerusha miguu ovyo, tope la miaka na miaka limetimka, na tochi haionyeshi hata kiganja. Mzamiaji amemshika mkono asimpotee. Amebandika geji ya hewa kwenye kioo cha miwani aisome: hewa yake ni ya dakika sita. Ya shemeji, anavyohema kama aliyefukuzwa na mbwa, haifiki hapo.

Anapapasa ukuta, anagusa bomba nene. Bomba hili analijua. Upande mmoja linakwenda mlangoni, upande wa pili linaishia kwenye tangi, na huko hakuna pa kutokea. Lakini upande upi? Kumbukumbu imemtoka kabisa.

Shemeji anamminya vidole mara mbili: wapi?

Naye anamminya kwa nguvu, kama mtu anayejua, kisha anamvuta kushoto.