Mama wa Nyumba Hatolewi

Asubuhi ya baada ya mvua ya kwanza ya Oktoba, Constance alifagia mabawa sebuleni. Yalikuwa mengi, mepesi, ya rangi ya chai, na kila alipovuta ufagio yaliruka yakatua nyuma yake, ikambidi arudie. Nje, mtaa mzima wa Katuba ulikuwa ukikaanga inswa, wale kumbikumbi wa mvua ya kwanza, na harufu yake nzuri ilipita juu ya kila ukuta wa kila lupango, kila kiwanja cha nyumba. Jambo moja tu halikumpendeza. Madirisha yake yalikuwa yamefungwa.

Mabawa yakilala nje ya dirisha, hao ni wapita njia, Mungu awaongoze. Yakilala ndani na dirisha limefungwa, hao wametokea chini ya sakafu yako, nawe usijidanganye kwamba wewe ndiye mwenye nyumba. Lubumbashi mtu hafundishwi hilo. Mji umejaa vichuguu virefu kuliko paa, na nyumba ngapi si vichuguu vilivyopigwa matofali tu!

Ya Constance ilikuwa hivyohivyo. Yeye na mumewe Liévin walipopata ile lupango, kichuguu kilikuwa kimekaa katikati kama chifu. Liévin alikichimba, Constance akateka maji na kuukanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, tumbo likiwa limetangulia mbele, maana alikuwa mjamzito. Sasa, anayebomoa kichuguu ana kanuni moja: achimbe mpaka amfikie mama yao, yule malkia mweupe, mnene kama kidole gumba, asiyejua hata kutembea, amtoe. Akishatolewa, waliobaki hawana habari tena. Liévin alimfikia. Akamtazama ndani ya chumba chake cha udongo, akamtazama mkewe na lile tumbo, kisha akamfunika taratibu kwa mikono.

"Mama ya nyumba habamutoshake," alisema.

Majirani walimcheka mpaka wakashika mbavu. Mimba haikufika mwisho, na nyingine haikuja tena. Nyumba ilipokwisha, Liévin aliweka kiti chake cha mbao, kile chenye mikono, juu ya mahali palepale alipomfunika yule mama, na hapo ndipo alipokaa kila alipotoka mgodini, hadi mapafu yalipomshinda. Alikufa Agosti. Siku ya mazishi kaka yake mkubwa, Ruphin, alisimama makaburini akiwa bado ana udongo kwenye viatu, akatangaza kwamba kilio kikiisha, familia itaketi kuzungumzia nyumba ya ndugu yao.

Nyumba ya ndugu yao. Constance alilisikia vizuri neno hilo.

Basi alipoona mabawa alimwita Franck, anayepiga dawa ya wadudu mtaani, pampu mgongoni. Hakuwa tayari kupoteza nyumba mara mbili. Franck aligonga fremu ya mlango wa sebule kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena.

"Mama Constance, hii muti imekwisha. Sikia vile inalia. Ndani iko bule, haina kitu."

"Ni badudu gani?"

"Kama ingekuwa bale ba mbao kavu, ungepata vumbi chini ya kabati, sawa mbegu ndogondogo. Haiko. Bale ba pua ya kuchongoka, ukibavunjia njia yabo, banakutemea gundi." Akavunja kipande cha mfereji wa udongo uliopanda ukutani, mwembamba kama penseli. Askari mmoja mwenye kichwa kikubwa chekundu akatoka, akamng'ata kidole mpaka damu. "Aïe! Njo hawa. Hawa ni ba kichuguu. Mama yabo iko chini ya hii salon."

"Najua," Constance alisema. "Na ule pale?"

Franck aligeuka. Mifereji ilikuwa imepanda miguu ya kiti cha marehemu, na mbele ya kiti, pale mtu anapokanyaga akikaa, mchwa walikuwa wamejenga nyayo mbili za udongo, zimekamilika hadi kucha. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda jirani yake.

"Ni bwana yangu," Constance alisema. "Kile kidole alizaliwa nakyo."

"Banamujenga," Franck alisema, akaanza kufunga pampu yake. "Basi sitapiga dawa, mama. Itamumaliza. Uangalie tu kuku basiingie humu, kuku haijuaka muntu."

Constance aliwafungia kuku. Kisha alifanya kazi yake ya ushonaji na kuwaacha mchwa na yao. Udongo ulipokauka kwa jua la dirishani aliunyunyizia maji. Aliwawekea karatasi za vipimo alizokwisha kukatia magauni, na mabaki ya vitenge, wakala vyote wakamwachia vifungo. Magoti yakafika, kisha mapaja, kisha tumbo, ambalo walilijenga kubwa kuliko lilivyokuwa mwisho, labda kwa heshima. Sikukuu ya Watakatifu Wote ilipofika, wakati watu wengine wanakwenda makaburini na majembe, Constance alibaki nyumbani, maana wake alikuwa amefika shingoni.

Kinywa kilipokamilika kilisema, "Chai."

"Chai itakubomoa," Constance alimjibu, na akalia sana, kwa furaha, akiegemea cherehani. Tangu Agosti hakuwa amelia hivyo.

Sauti ya Liévin ilikuwa kama mchele unaopepetwa. Hakusema mengi, na alipokuwa hai hakusema mengi pia. Aliuliza bati la jikoni kama bado linavuja. Alisema kifua hakimuumi tena. Constance hakuweza kumkumbatia, alijaribu mara moja na bega likamegeka, mchwa wakahangaika mchana kutwa kulirudisha. Ikabidi aridhike na kushona karibu naye, akimsimulia habari za mtaa, na wakati mwingine akaweka kiganja chake juu ya kile cha mumewe na kuhisi ndani wale wadogo wakipita, wakipita.

Nisiwafiche, hakuwa amesahau habari ya Ruphin. Alikuwa akimngoja. Mjane akisema nyumba tulijenga wote wawili, ataambiwa anaipenda mali kuliko marehemu. Lakini marehemu mwenyewe akisema, nani atamkatalia?

Siku ya kumaliza kilio walikuja. Ruphin alivaa koti, dada yao Simone alibeba sufuria ya bukari, ule ugali wa mahindi, na dagaa wa kapenta, na chifu wa mtaa alikuja kwa sababu panapoliwa bukari yeye huwapo. Waliingia, wakamwona Liévin kitini, wakamsalimu mmoja mmoja.

"Wamezi, Liévin," Ruphin alisema, akavuta kiti. "Unanenepa."

"Atakula?" Simone aliuliza.

"Anakulaka karatasi," Constance alisema.

Simone akachana kipande cha gazeti, akakiweka magotini pa kaka yake. Kwao ilikuwa heshima, na waliitoa bila ubahili.

Baada ya kula, Ruphin alikohoa kidogo. Alisema, kwa desturi ya wazee, mtu akifa lazima mmoja wa ndugu ampyane, arithi jina lake, mambo yake na mjane wake, na yeye Ruphin alikuwa amejiandaa kwa mzigo huo ingawa mkewe alikuwa amenuna wiki nzima. Sasa, wote walikuwa wanaona, haikuhitajika. Liévin alikuwa amejipyana mwenyewe.

"Njo vile, yaya Ruphin," Constance alisema, akimpa jina la heshima la kaka mkubwa. "Mwenye nyumba amerudia. Basi tumuulize yeye. Liévin, hii nyumba nani aliijenga?"

Mchwa walisikika wakihama kichwani mwake.

"Mimi nilichimba," Liévin alisema. "Constance alikanyaga. Bitofali yote, iko mguu yake ndani."

Chifu aliinamia ukuta ulio karibu naye. Pale plasta ilipobanduka, alama ya kisigino kidogo cha mwanamke ilionekana kwenye tofali, na kwenye lile la juu yake, na la juu yake. Alitikisa kichwa kwa kukubali.

"Ni kweli," alisema.

"Ni kweli kabisa," alisema Ruphin. "Hakuna mwenye kubisha. Ndugu yetu haongopake."

Constance alivuta pumzi.

"Lakini, muke ya ndugu yetu," Ruphin aliendelea, kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, "mulioana mbele ya padri mpaka kifo. Kifo kilikuya, ao hakikuya? Tulimuzika sote. Ule Liévin wa ndoa yako iko makaburini. Huyu hapa anatoka mu udongo ya lupango, iko wa familia, iko wa kwetu. Mutoto hakuna wa kukufunga na shiye, bandugu yake. Utaikala humu sawa nani?"

"Sawa muke yake! Yaya, miye njo nilimutilia maji, miye nilimulisha!"

"Na tunakushukuru," Simone alisema, na machozi yalimtoka kweli, maana alikuwa mtu wa huruma. Akainuka akaanza kukunja mapazia.

Constance alimgeukia chifu. Chifu alisema sheria ya serikali ni nzuri sana, inamlinda mjane, yeye mwenyewe amewahi kuisikia ikisomwa redioni. Kisha akaomba maji ya kunawa.

"Mama ya nyumba," Liévin alisema. "Mama ya nyumba habamutoshake."

"Kweli, ndugu," Ruphin alisema. "Neno ya hekima ile." Akashika cherehani upande mmoja, akamwita dereva wa pikipiki aliyekuwa akingoja nje aje ashike upande wa pili.

Liévin alijaribu kusimama. Lakini miguu yake ilikuwa imeota sakafuni, kwenda chini mpaka kwa yule mama mweupe, na haikung'oka. Aliinua mkono wa kulia, na mkono ukakatika kwenye kiwiko ukaanguka vumbi. Askari wenye vichwa vyekundu walitoka kwenye kidonda, wakasimama pande zote, hawakumwona wa kumng'ata. Constance alipiga magoti akaukusanya ule udongo kwenye kanga yake, akaurudisha magotini pa mumewe. Kisha akatoka, akiifuata cherehani yake iliyobebwa nje.

Alikwenda mtaa wa Hewa Bora kwa dada yake aitwaye Mimi, aliyepanga vyumba viwili na mume na watoto. Walimpa kona, godoro, na masharti ya mwenye nyumba: hataki kelele, hataki wageni wa muda mrefu, na hataki wadudu.

Ruphin alimweka mwanawe kwenye ile nyumba ya Katuba. Simone alipopita kusalimia, alisema Liévin hajambo, mkono wameshamjenga, ila haongei tena. Wanamwekea gazeti, linabaki. Wanamsalimu asubuhi hata hivyo, na wageni wakija anaonyeshwa.

"Umemugonga, kusikia vile inalia?" Constance aliuliza.

"Nilimugonga kifuani. Inalia bule."

Constance alijua tangu juzi. Kwenye ukuta wa Mimi, kutoka ufa wa sakafu kuelekea kichwani mwa godoro, ulikuwa umetokea mfereji mwembamba wa udongo. Mchwa walikuwa wameacha nyumba nzima, wamepita chini ya mji, chini ya reli na masoko na makanisa, wakamtafuta mpaka wakamwona. Kando ya mfereji, sakafuni, kilianza kuonekana kidole kidogo cha mguu, kimempanda jirani yake.

Simone alipoondoka, alikaa akakitazama. Upande wa pili wa pazia mume wa Mimi aligeuka kitandani, akakohoa, na mwenye nyumba alisikika uani akiwauliza watoto ni nani ameacha bomba wazi.

Constance alilowesha kitambaa. Akapiga magoti.

"Unisamehe, Liévin," alisema chinichini. "Hapa na miye niko mugeni."

Akafuta kuanzia juu kushuka chini, akakamua, akafuta tena. Kesho yake mfereji ulikuwa umepanda upya, na kidole kilikuwa mahali pake. Akaenda kutafuta kitambaa.