Waliozaliwa Julai Mosi

Ukisoma vitambulisho vyao, wazee wa bonde la Yaeda Chini karibu wote walizaliwa Julai mosi. Usicheke. Mwandikishaji alipofika aliuliza, "Mzee, ulizaliwa lini?" akajibiwa, "Mwaka ule mvua ilipokataa." Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika mvua, basi akakadiria mwaka, akajaza Julai mosi, akaita mwingine. Kila mzee akapewa namba yake ya tarakimu ishirini, mbele siku ya kuzaliwa asiyoijua, kisha namba za eneo lake, akarudi kwa ng'ombe wake. Lilikuwa kosa dogo lisilomdhuru mtu, mpaka lilipofika hospitali ya Haydom, mezani kwa Gaudensia.

Gaudensia alikuwa karani wa mradi wa kupima kifua kikuu, mtoto wa wakulima wa huko juu Mbulu, mwepesi wa vidole na mwenye kujua kwamba ni mwepesi. Mwezi wa tano alishuka bondeni na wenzake wakachukua makohozi ya watu mia mbili na sita. Yeye ndiye aliyesimama akatangaza: subirini wiki mbili, mgonjwa atapigiwa simu, asiyepigiwa ni mzima, na kwa sasa anayekohoa asilale na watoto.

Mzee mmoja, Gidahosh, akanyoosha mkono. Alikuwa amempakata mjukuu wake Judith, wa miaka mitatu, aliyefiwa na mama na kuzoea kulala kifuani kwa babu.

"Hata huyu?"

"Hata huyu, babu. Wiki mbili tu."

Majibu yalipotoka, Gaudensia aliyaingiza kwenye jedwali la kompyuta, kila mtu na namba ya kitambulisho chake, maana majina bondeni yanafanana. Programu ikagoma kuonyesha namba. Badala yake ilileta tarakimu chache, nukta, na herufi E. Gaudensia hakuwa mtu wa kushindwa na herufi moja. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, E ikatoka, namba zikanyooka tarakimu ishirini kamili, naye akajipongeza kwa chai na chapati.

Mwisho wa namba hakuutazama. Programu ile ilikuwa inashika tarakimu kumi na tano tu. Tano za mwisho ilishazigeuza sifuri, kimya kimya, bila hata kuomba radhi. Na kwa wazee wa eneo moja, waliokadiriwa mwaka mmoja na kujaziwa siku moja, hizo tano ndizo zilizomtenga huyu na yule.

Basi alipoona namba zinajirudia, akawalaumu wenzake kwamba wameandikisha watu mara mbili. Akaiamuru kompyuta iondoe waliorudiwa. Mistari thelathini na minane ikafutika kufumba na kufumbua. Kwenye iliyobaki kulikuwa na wagonjwa kumi na sita. Akawapigia wote siku hiyo hiyo, akalala usingizi mzuri.

Wiki ya saba tangu apige simu zile, Hilary wa maabara alimwita.

"Dada Gaude, mimi nina wagonjwa kumi na saba. Wewe umeleta kumi na sita."

"Utakuwa umehesabu vibaya."

"Njoo na fomu zako za karatasi."

Wakapitia fomu moja moja mpaka wakamfikia Gidahosh. Hakuwemo kwenye jedwali. Gaudensia akaichapa namba yake upya, na safari hii akaikodolea macho. Alipobonyeza kuingiza, tano za mwisho zikawa sifuri. Akachapa tena. Zikawa sifuri tena.

"Programu inadhani unataka kuzijumlisha," Hilary akasema. Akachagua safu nzima, akaiambia programu kwamba humo mna maandishi, si hesabu. "Sasa chapa kutoka kwenye karatasi."

Namba ikakaa yote, mpaka tarakimu ya mwisho. Marekebisho hayakuchukua hata dakika moja. Gaudensia aliona aibu. Angalau lingekuwa jambo gumu, angepata pa kujifichia.

Simu ya Gidahosh haikupatikana. Alikodi pikipiki akateremka bondeni kabla jua halijawa kali. Akamkuta mzee amekaa nje ya boma, amekonda, shuka limemzidi mwili. Alipomwona, uso wake ulichangamka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti yangu! Umekuja kuniona? Mimi ni mzima. Hukupiga."

Akamweleza, kwa furaha, huku akikohoa katikati ya maneno. Kule chini simu haishiki, kwa hiyo kila siku alipanda kilima, akakaa juu ya jiwe na simu mkononi mpaka jioni. Siku kumi na nne. Mtoto alikuwa analia usiku kwa jirani, yeye anamsikia, anaziba masikio. Siku ya kumi na tano alishuka, akamchukua Judith, akamrudisha kifuani pake.

"Tangu siku hiyo hajalia," akasema.

Ndani ya nyumba mtoto alikohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, na kilipokwisha hakukufuata kilio. Gaudensia alipiga magoti pale pale vumbini, akasema yote: namba, sifuri, mistari aliyoifuta kwa kidole chake mwenyewe. Mzee hakuelewa habari za kompyuta. Alielewa kwamba simu ilipaswa kulia.

Mzee akainuka. Kisha akaingia ndani, akatoka na Judith, mwepesi mno kwa umri wake.

"Na huyu? Nikapande naye kilimani tena?"

"Hapana, babu. Nawapeleka wote hospitali leo. Dawa zipo, atapona."

"Hata siku ile ulisema vizuri hivyo hivyo."

Akamfunika mtoto vizuri, akamkabidhi kwa Gaudensia, maana hakuwa na mwingine wa kumpa.