Baba na Swali la Masanduku ya Laddu

Baba yangu, Shridhar Kanitkar, alifundisha hesabu katika sekondari moja ya hapa Indore, India, mpaka alipostaafu, na kule kustaafu kwake hakukumsaidia mtu yeyote. Zamani alikuwa na madarasa mazima ya kusumbua. Sasa alibaki na mama, ambaye aliweka mipaka mapema, na mimi.

Mimi nilikuwa kwenye maabara ya kiwanda cha biskuti. Kutwa kucha napima unyevu wa biskuti. Mwaka niliotimiza ishirini na tisa nikasema basi, nakwenda kusoma shahada ya uzamili ya biashara. Kuingia vyuo hivyo lazima ufanye mtihani, na sehemu kubwa ya mtihani wenyewe ni hesabu. Wala si hesabu ngumu. Ni zile zile tulizosoma sekondari, ila zimetiwa ujanja, na kila swali umepewa kama dakika mbili tu.

"Dakika mbili?" baba aliuliza nilipomweleza. "Dakika mbili mtu hajamaliza hata kunoa penseli!"

Hapo ndipo nilipokosea, kumweleza. Kesho yake asubuhi nilimkuta mezani kabla ya chai, miwani usoni, kitabu changu cha maswali kiko mbele yake kama vile ni chake.

Tukaanza hivyo, kila siku kabla sijaenda kazini. Baba hakubali swali lianzie katikati. Lazima uandike "tuchukulie kwamba", kisha "kwa hiyo", kisha upige mstari kwa rula.

"Baba, jibu ni la tatu. Nimeshaliona. Yale mengine hayawezekani."

"Umeliona? Hesabu haionwi, Mrunal. Inathibitishwa."

"Mtihani hautaki uthibitisho. Unataka nibonyeze jibu la tatu."

"Basi huo si mtihani. Ni bahati nasibu."

Mama, aliyekuwa akipakua kifungua kinywa, akapaza sauti kutoka jikoni, "Nyie wawili, poha inapoa! Njooni mgombane huku mnakula."

Mwisho wa wiki nilikuwa nakwenda tuisheni kwa kijana mmoja aitwaye Nimish Doshi. Ni mdogo kwangu, anavaa mikanda ya bei mbaya, na anapenda kusema, "Rafiki zangu, msitatue! Ukitatua, umekwisha." Nilifanya kosa la pili, nikayarudia maneno hayo nyumbani. Baba aliweka kikombe chini taratibu.

"Mtu anayefundisha watu wasitatue hesabu," alisema, "ni sawa na mpishi anayefundisha watu wasile."

Nikawa kati ya hao wawili. Mmoja ananiambia nikimbie, mwingine ananivuta shati.

Kulikuwa na aina moja ya maswali iliyokuwa ikituvuruga kuliko zote. Hapo hawakuulizi jibu. Wanakupa swali, chini yake wanaweka taarifa mbili, kisha wanataka useme: taarifa ya kwanza peke yake inatosha kupata jibu? Au ya pili peke yake? Au mpaka zote mbili? Au hata zote mbili hazitoshi? Basi. Ukishajua kwamba jibu linapatikana, unaondoka. Baba alikuwa haondoki. Anatatua mpaka mwisho, anapata namba yake, anaipigia mistari miwili chini, ananitazama kwa ushindi. Nami napiga meza, "Hawaitaki hiyo namba, baba! Hakuna anayeihitaji!"

"Mimi naihitaji," anasema.

Siku moja tukafika kwenye swali la laddu. Mwenye duka amepanga laddu, vile vitamu vya mviringo, kwenye masanduku. Sanduku kubwa linabeba saba, dogo linabeba tano, na kila sanduku limejaa. Ana masanduku makubwa mangapi? Taarifa ya kwanza: laddu zote ni arobaini na tatu. Taarifa ya pili: masanduku yote, makubwa na madogo, ni saba.

"Zote mbili zinahitajika," baba alisema papo hapo. "Vitu viwili hatuvijui, lazima milinganyo miwili."

Mimi pia nilisema hivyo hivyo. Tukafungua majibu nyuma ya kitabu. Wameandika: taarifa ya kwanza peke yake inatosha.

"Wamekosea," baba alisema.

"Labda kuna kitu—"

"Wamekosea! Nimefundisha kanuni hii kabla mama yako hajanijua. Vitu viwili, milinganyo miwili. Nani amekupa kitabu hiki? Yule kijana wa mikanda?"

Nilikuwa nachelewa kazini, nikaacha. Nilidhani yamekwisha.

Jumapili, tuko darasani kwa Nimish, mlango ukafunguliwa. Baba. Amevaa kizibao chake cha shuleni na kitabu changu kiko kwapani.

"Samahani, mwalimu," alimwambia Nimish, na neno hilo mwalimu alilitoa kwa shida. "Unawauzia watoto wa watu kitabu chenye makosa. Nipe kalamu ya ubao."

Nimish alinitazama. Mimi nilitazama dari. Akampa.

Baba aliandika swali lote ubaoni kwa ule mwandiko wake mzuri, akageukia darasa, na papo hapo akawa mwalimu wa zamani, kifua mbele. Akasema, "Kitabu kinadai kwamba ukijua laddu ni arobaini na tatu, basi unajua masanduku. Uongo. Nitawaonyesha kwamba kuna majibu mengi. Haya! Tuseme sanduku kubwa ni moja. Zimebaki ngapi?"

"Thelathini na sita," msichana wa mbele akajibu.

"Zinagawanyika kwa tano?"

"Hapana."

"Vizuri. Makubwa mawili?"

"Zinabaki ishirini na tisa. Hazigawanyiki."

"Matatu?"

"Ishirini na mbili. Hapana."

"Manne?"

"Kumi na tano! Masanduku madogo matatu."

"Ahaa!" Baba akaandika nne na tatu, akazungushia duara. "Hilo ni jibu la kwanza. Sasa la pili. Makubwa matano?"

"Zinabaki nane."

"Sita?"

"Inabaki moja."

Akainua kalamu kuandika, akabaki hivyo hivyo. Makubwa saba yangezidi laddu zote. Akajaribu bila sanduku kubwa hata moja: arobaini na tatu kwa tano, haikubali. Nilimwona midomo ikicheza, anarudia upya kimya kimya, moja, mbili, tatu. Nyuma yangu mtu alianza kunong'ona, na mwingine akacheka puani. Nilitaka kuwarushia kiti. Dakika ile ile nilitaka kumrushia baba kiti pia, maana nani alimwita?

Jibu lilikuwa moja tu. Huwezi kuwa na nusu ya sanduku. Ile kanuni yake ni ya kweli, lakini ni ya namba zisizojali zimekatwa wapi, na masanduku yanajali.

Nimish akasogea, akasema kwa upole, "Mzee wangu, swali hili linawakamata wengi sana. Hata mimi—"

"Usinibembeleze," baba akamkata. "Siumwi." Akafunika kalamu, akageukia darasa. "Kitabu kiko sawa. Mimi ndiye niliyekosea."

Sijawahi kumsikia akisema maneno hayo, si kwa mama, si kwangu, si kwa fundi bomba. Nikakusanya vitu vyangu nimtoe nje, nimpeleke nyumbani kwa skuta, tusiongee njia nzima. Lakini baba hakwenda mlangoni. Alitembea mpaka nyuma, akavuta kiti kitupu, akakaa, akakunja mikono.

"Lete lingine," alimwambia Nimish.

Na ndivyo nilivyopata mwanafunzi mwenzangu. Alilipa ada kama wengine. Kila Jumamosi na Jumapili alikaa kiti cha nyuma, mkono juu. "Mwalimu, umeruka hatua." "Mwalimu, kwa nini sifuri haiwezekani?" Wenzangu walimpenda, maana wao hawaishi naye. Kwenye mtihani wa majaribio hakufika hata katikati, muda ukaisha. Alisema kipanya cha kompyuta kilikuwa kinateleza. Mara ya pili tena hakufika, na kipanya hakuwa na la kukilaumu, akarudi nyumbani amenuna.

"Ana nini tena baba yako?" mama aliniuliza.

"Amefeli."

"Na wewe?"

"Nimepita."

"Basi mpe jalebi yako, ale kitu kitamu, ana hali mbaya."

Asubuhi moja karibu na mtihani wangu tulikuwa tumekwama kwenye swali la mabomba yanayojaza tangi. Nilikuwa nimechoka, nimekasirika, nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Nikasubiri aseme nianze upya na "tuchukulie kwamba". Baba alilisoma lile swali tena. Kisha akalifunika kwa kiganja.

"Liache," alisema. "Nenda linalofuata."

Sauti yake ilitoka kama ya mtu anayeng'olewa jino. Sikumtania. Nilifungua ukurasa uliofuata.

Siku ya mtihani niliyaacha maswali mawili. Nikabonyeza jibu lolote, nikaenda mbele kwa hasira, lakini nikamaliza. Chuo nilichokitaka mno kilinikataa. Cha mji wa Nagpur kikanichukua. Mama alilia, Nimish akanitumia ujumbe wenye picha za fataki, na baba akaniuliza swali moja tu:

"Uliyaacha yapi?"

"Haturuhusiwi kusema, baba."

"Mimi ni baba yako."

"Hata wewe."

Alinuna wiki nzima. Mpaka stesheni, siku ya kuondoka, amebeba begi langu kubwa juu chini, alikuwa bado na swali lake. Nilipopanda treni akaja dirishani.

"Angalau la kwanza. Lilikuwa la nini?"

"Baba, haki ya Mungu, nimelisahau."

"Umelisahau!" Abiria wote waligeuka. "Swali limekushinda, halafu unalisahau? Unalalaje?"

"Mwache mtoto aende," mama alisema, akimvuta mkono. "Shridhar, treni inaondoka!"

"Hata kama lilikuwa la asilimia au la mwendo, hukumbuki?" Alikuwa anatembea sambamba na behewa, kisha hatua zikawa za haraka. "Mrunal! Fikiria ukifika! Nipigie simu!"

Nikamwambia nitapiga. Nikamwambia pia asikimbie, ana magoti mabovu, lakini hakunisikia, alikuwa bado anauliza.