Kuni za Kemuma

Kabla ya kunawa uso, Mogire alitazama paa la nyumba ya mwanawe. Ndivyo alivyoanza kila siku tangu mtoto azaliwe. Alisimama mlangoni pake, blanketi begani, akingoja ukungu upungue mpaka aone nyasi za paa lile, na juu ya nyasi aone moshi ukichuja. Moshi ukiwa mzito, alikohoa akaenda kufungulia ng'ombe. Ukiwa mwembamba, alianza kuzunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, akiokota kijiti hapa, akikitupa pale, kisha akirudi kukiokota tena.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka wa sitini na saba, na baridi ilikuwa imekikalia kilima cha Manga. Mvua za masika hazikuondoka vizuri mwaka ule. Zilipochoka kunyesha kwa nguvu ziliacha manyunyu, na manyunyu yakaacha ukungu, na jua halikupata nafasi katikati. Nguo zilizoanikwa ziliota kuvu. Chumvi iligeuka maji koponi.

Mtoto wa Cleophas, mwanawe Mogire, aliingia duniani katika hali hiyo, kabla miezi yake haijatimia. Muuguzi wa zahanati hakuona haja ya kuzungukazunguka na maneno. Alisema mtoto hana mafuta mwilini. Alale kifuani pa mama yake, na nyumba iwe na moto mchana na usiku mpaka anenepe. Moto ukizimika, alisema, msije kunitafuta. Cleophas mwenyewe alikuwa Kericho, kwenye mashamba makubwa ya chai, na ruhusa aliyoiomba hakupewa. Kwa hiyo kazi ya moto ikamwangukia baba yake.

Shida ni kwamba Mogire hakuweza kuuona huo moto. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mlango unaweza kuwa wazi kutwa nzima, na bado haingii. Ni haya na heshima, tunaiita chinsoni, na mtu aliyelelewa vizuri huisikia miguuni kabla haijafika akilini. Mogire alikuwa miongoni mwa wazee waliowatoza mbuzi wenzao waliojisahau katika jambo hilo. Basi Mogire alimjua mjukuu wake kwa moshi tu. Mengine yote aliyapata kwa Bosibori, mjane wa kaka yake, aliyekaa upande wa pili wa migomba na aliyekuja asubuhi na jioni kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto.

Na kuni hazikuwapo. Hilo ndilo lililomnyima raha, kwa sababu alijua ni nani aliyezimaliza.

Miaka minne nyuma mteremko wote chini ya nyumba yake ulikuwa miti ya miwati. Bwana shamba alipokuja na kamba zake akasema udongo ule ni wa majani chai, Mogire alishika shoka siku iyo hiyo. Kemuma, mkewe, alimwomba abakize angalau mstari mmoja kando ya kijito. Alimcheka. Alimwambia kwamba akili yake haivuki sufuria. Miti ikaanguka yote. Magogo akayatia kwenye tanuri, akachoma matofali ya nyumba ya mabati, maana alitaka kuwa wa kwanza kuijenga upande ule wa kilima. Tanuri liliwaka siku nyingi, na watu wa ng'ambo ya kijito walikuja kuota moto na kumsifu. Kisha Kemuma akaugua, akafa, na nyumba haikujengwa. Matofali yalibaki uani chini ya majani makavu ya migomba. Mteremkoni chai ilistawi. Mistari yake ilinyooka, ilipendeza macho, na haikuwa na kijiti kimoja cha kuchemshia maji.

Mogire alizipima kuni kama mtu anayepima dawa. Alichimbua visiki vya miwati vilivyobaki kati ya michai, akavipasua vipande vyembamba. Aling'oa nguzo za zizi la zamani. Alikusanya magunzi ya mahindi ya kupikia, ili kuni zibaki kwa ajili ya joto tu. Alinunua mikaratusi mibichi kwa jirani, akaikausha kando ya meko yake, na ikipata kukauka kidogo akaitoa. Mwenyewe alikula viazi baridi na kulala bila moto. Kila asubuhi na kila jioni alifunga mzigo mdogo kwa kamba ya mgomba, akauweka kizingitini pa Nyanchera, mke wa mwanawe, akakohoa na kurudi nyuma. Mkono ulitokea, ukavuta mzigo ndani. Mkono huo tu ndio aliouona.

Palikuwa na kuni nyingine, lakini hizo hakuzihesabu kuwa kuni. Wakati wa tanuri, Kemuma alikuwa akiiba gogo moja moja kutoka kwenye magogo ya mumewe na kulipanga juu ya uchaga, pale juu ya meko ya nyumba yake. Mogire aliligundua jambo hilo baada ya mazishi, alipoinua macho. Zilikuwa zimejaa mpaka kwenye paa, ncha zimelingana, nyeusi kwa masizi. Akayashusha macho, akatoka, akafunga mlango kwa kigingi. Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliozigusa.

Bosibori hakuogopa kigingi. "Shemeji," alimwambia jioni moja, akikausha mikono kwenye kanga, "zile kuni za marehemu zinangoja nini?"

"Ziache zikae."

"Zikae mpaka lini? Marehemu hasikii baridi."

Mogire alisema kuni alizokuwa akipeleka zingetosha kabisa kama yule binti asingekuwa anachoma kama mpishi wa hoteli. Jana moshi ulikuwa mzito mno, aliuona kwa macho yake. Bosibori akamjibu kwamba moshi mzito ni wa kuni mbichi, na kwamba aliyempelekea mzazi mikaratusi inayotoa machozi anajulikana. Mogire hakusikia. Alimtuma amwambie Nyanchera atumie gogo moja kwa wakati, alisukume kidogo kidogo, na usiku alifunike jivu.

"Nitamwambia," Bosibori alisema. "Ila ujue, wewe unasema ukiwa uani. Yeye atasikia amri ya baba mkwe."

Siku zilizofuata moshi ulipungua. Ulitoka mwembamba, wa buluu, kama wa mtu anayevuta kiko. Mogire aliutazama na kuridhika kwa mara ya kwanza mwezi huo. Alijiambia kwamba binti amefundishika. Hakuzungukazunguka tena uani. Hata usingizi ulimchukua.

Jumamosi ikafika, na ukungu ulipoinuka hapakuwa na moshi.

Alitazama, akafumba macho, akatazama tena. Kilima chote kilikuwa kimya. Watu walikuwa kanisani, Bosibori akiwa mmoja wao. Mogire hakwenda. Tangu amzike mkewe alikuwa akienda Sabato moja na kuruka nyingine. Alitembea mpaka hatua chache kutoka mlango wa Nyanchera, akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Moto uko wapi?" aliuliza mwishowe.

Sauti ilitoka ndani, ndogo. "Ulizimika alfajiri, baba. Nilikuwa nimeufunika jivu, kama ulivyosema."

"Na kibiriti?"

"Kimeingia unyevu. Nimekwangua vijiti vyote."

"Mtoto?"

"Alikuwa akilia. Sasa ameacha."

Mogire alimwambia ajikaze, afike mlangoni, atamletea makaa. Nyanchera akasema leo miguu haimshiki kwa baridi, ameshajaribu na kuanguka, na akimtoa mtoto kifuani anaogopa. Hakusema anaogopa nini.

Mogire alikimbia. Mtu mzima yule, mkali, aliyezoea kutembea mikono nyuma, alikimbia uani huku blanketi likimdondoka. Meko yake yalikuwa baridi. Si yeye aliyelala bila moto ili kubania kuni? Mikaratusi iliyoegemezwa pale ilikuwa bado inang'aa kwa maji. Alichukua kibiriti chake kutoka chini ya mto, na alipotoka nje miguu yenyewe ilimpeleka kwenye nyumba ya Kemuma. Kigingi kilikuwa kimevimba kwa mvua. Alikipiga kwa jiwe mpaka kikapasuka.

Ndani palinuka masizi. Alivuta kigoda cha mkewe, akapanda, akanyoosha mikono. Kwa kitambo mikono ilikataa. Kisha akashika ncha ya gogo la chini na kulivuta, na mpango wote ukaporomoka, kuni zikamwangukia kichwani, mabegani, vumbi jeusi likamjaa machoni na mdomoni. Alishuka akitema. Alipasua moja, akapanga, akawasha. Zilishika kwa njiti ya kwanza.

Makaa peke yake yasingetosha. Nyumba ile ilikuwa baridi mpaka ukutani. Ndipo alipokumbuka matofali. Akafukua katikati ya lundo, penye makavu, akarudi nayo yamemjaa kifuani, akayazungushia moto. Kusubiri yapate joto kulimshinda. Alikaa, akasimama, akayagusa, akatoka kutazama lile paa tupu, akarudi. Yalipoanza kuunguza kidole aliyafunga kwa gunia. Makaa akayaweka kwenye beleshi, akayafunika kwa karai, na akatoka kwenye manyunyu akitembea kama mtu aliyebeba maziwa.

Kwenye kizingiti miguu ilisimama. Haikumwuliza.

Aliusukuma mlango kwa mpini wa beleshi. Kitanda kilikuwa ukutani, mbali na mkono wake. Akamimina makaa kwenye karai, akaweka tofali chini, akalisukuma kwa beleshi, likakwama kwenye sakafu ya udongo. Akapiga magoti. Bado hakufika. Basi Mogire, mtoza mbuzi, alilala kifudifudi kwenye matope, miguu nje kwenye mvua, kichwa na mabega ndani ya nyumba ya mwanawe, akasukuma lile tofali mpaka Nyanchera akalifikia kwa mkono na kulivuta chini ya blanketi. La pili likafuata. Kisha makaa, polepole, mpaka kwenye mafiga.

Ni hapo, shavu lake likiwa karibu na sakafu, alipoona chini ya kitanda. Kuni zilikuwa pale. Mizigo yake yenyewe, mmoja juu ya mwingine, ncha zimelingana, bado imefungwa kwa vifundo alivyovifunga kwa mikono yake. Binti alikuwa ameziweka akiba.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Ulisema zisiishe, baba."

Alibaki amelala hivyo, akipuliza makaa kutoka mbali, pumzi yake haifiki, mpaka aliposikia viatu kwenye matope nyuma yake. Bosibori alikuwa ametoka kanisani kwa mguu wa haraka. Roho yake haikutulia, alisema baadaye. Alisimama akiwa na kitambaa chake cheupe kichwani, akamtazama shemeji yake.

"Miguu iko nje, kichwa kimeingia," alisema. "Sasa tukitoza mbuzi, tutoze wa kichwa peke yake?"

Kisha akamruka kama mtu anavyoruka gogo njiani, akainama penye mafiga, akapuliza. Moto ulishika. Akafungua blanketi, akaweka sikio kifuani pa mtoto, akaanza kumsugua miguu kwa viganja. Mogire alijivuta nje, akakaa kwenye mvua, mgongo kwa ukuta, masizi yakimtiririka usoni. Alisikiliza kwa muda ambao hakuweza kuupima. Mwishowe kilio kikaja, chembamba na cha hasira.

Akageuza mdomo kuelekea mlangoni. "Nyanchera. Choma."

"Ndiyo, baba."

"Choma hizo za chini ya kitanda. Na nyingine naleta."

"Zikiisha?"

"Zikiisha nitajua mimi."

Alizihamisha kuni za Kemuma siku iyo hiyo, mikono imejaa, akaziweka ndani ya mlango na si kizingitini tena. Hakupima. Matofali nayo yalienda na kurudi, ya moto yakiingia na ya baridi yakitoka, na meko ya nyumba ya marehemu hayakupoa mpaka mwezi ukaisha. Wazee wenzake walilijadili jambo la kichwa chake, baadhi wakicheka mpaka wakafuta machozi. Mogire hakujitetea. Aliwaambia wakishakubaliana, mbuzi amefungwa pale nyuma.

Jua lilirudi Agosti ikiwa imeingia. Kuni zilikuwa zimebaki magome tu, na uchaga wa Kemuma ulikuwa mtupu, mweusi, mtu akiweza kuona nyasi za paa kupitia fito zake. Asubuhi ile Mogire alikuwa uani, bado akitazama moshi kabla ya kunawa uso, kwa sababu mazoea hayo yalikuwa yamemganda, wakati Nyanchera alipotoka kwa miguu yake mwenyewe. Alitandika kanga juu ya lundo la matofali, mahali jua lilipopiga, akamlaza mtoto hapo. Kisha akarudi nyuma mpaka penye migomba, akageukia pembeni, kama inavyopaswa.

Mogire alisogea. Alifuta viganja kwenye suruali, akavifuta tena, akamwinua. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alimsogeza usoni ili amwone vizuri, na harufu ikampata kabla ya sura: moshi wa muwati, mkavu, wenye utamu kidogo kwa mbali, uleule uliokuwa ukikaa kwenye kitambaa cha kichwa cha Kemuma hata baada ya kufuliwa.

Penye migomba Nyanchera alikohoa, kumkumbusha kwamba mtoto hajanyonya. Mogire alisikia. Alikohoa naye, kuonyesha amesikia, na akabaki pale pale, pua yake kwenye nywele za mtoto.