Sarafu Yenye Pengo

Mama Lenzi alikuwa na sharti moja, na hakuona haya kulisema: ukimletea sarafu, funga mdomo. Ilikotoka utamsimulia baadaye. "Nikisikia kwanza, nitaona nilichosikia," alikuwa akisema. Duka lake la saa lilikuwa jembamba hata wateja wawili walilazimika kuombana njia, lakini watu walitoka mbali kumfuata. Hakuna aliyemzidi kutofautisha sarafu iliyoharibikia kiwandani na iliyoharibikia mikononi mwa watu.

Basi mkunga mmoja aliyemletea sarafu akakaa kimya, ingawa maneno yalimjaa kifuani. Sarafu ilikuwa ya baba yake, fundi bati, na ilikuwa na pengo ukingoni kama biskuti iliyong'atwa. Miaka thelathini mzee aliapa kwamba aliipata hivyo hivyo kwenye chenji, na miaka thelathini nyumba nzima ilimcheka. Fundi bati, mkasi wa bati mkononi, sarafu imekatwa: aulizwe nani mwingine? Wajomba walimbandika jina la Mzee Mkasi, wajukuu wakalidaka. Mkunga naye, tusimfiche, alicheka pamoja nao. Lakini siku hizi mzee alikuwa ameacha kuapa. Akitaniwa alitazama pembeni tu, na hilo ndilo lililomkosesha binti yake raha. Alitaka kujua kama miaka yote hiyo alimcheka mwongo au mkweli.

Mama Lenzi aliipima sarafu kwenye mizani ndogo, akavuta taa karibu. Hakuwa na papara.

"Na hili doa jeusi?" mkunga akashindwa kujizuia.

"Doa ni doa tu. Asidi ya kulehemu, nadhani. Na huu mkwaruzo ni wa kuanguka. Ona madini yalivyosukumwa pembeni yakajikunja. Sarafu ikigongwa, madini hayapotei, yanahama. Nani aliisugua kwa majivu?"

"Mimi. Nilitaka ing'ae."

"Usirudie, mwanangu. Umeichuna ngozi."

Mkunga aliona aibu, lakini hakukasirika. Mikono yake mwenyewe ilijua mtoto amelalaje tumboni kabla ya kipimo chochote, kwa hiyo alimtambua mtu anayeijua kazi yake. Alipenda namna yule mama alivyoishika sarafu kwa ncha za vidole, ukingoni tu, akiigeuza polepole.

"Sogea," Mama Lenzi akasema, akampa kioo cha kukuzia. "Usitazame pengo. Kila mtu hutazama pengo. Tazama upande wa pili, mkabala nalo."

Ukingo uliinuka vizuri pande zote, ila pale mkabala na pengo. Hapo ulikuwa umelala, umefifia.

"Kiwandani, vipande hukatwa kwenye bamba moja refu," Mama Lenzi akaeleza. "Bamba likisogea vibaya, kisu kinaangukia penye tundu la kipande kilichotangulia, na kipande kipya kinatoka na pengo. Halafu mashine inakibana pande mbili ili kuinua ukingo. Penye pengo haina cha kubana, basi na upande wa pili hauinuki. Ukikata kwa mkasi sarafu iliyokwisha kamilika, upande wa pili unabaki mzima. Haya, sasa nisimulie."

Mkunga akasimulia. Mama Lenzi alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Fundi bati? Angeikata yeye, pengo lingekuwa safi kuliko hili. Mwambie haitamjengea nyumba, lakini ilizaliwa hivi. Na kioo mpelekee aone mwenyewe, utanirudishia."

Mkunga alimkuta mzee karakanani, akikunja mdomo wa ndoo kwa nyundo ya mbao, kila pigo mahali pake. Alimkalisha, akamweleza habari ya bamba, kisu na ukingo uliofifia, akampa sarafu na kioo. Kisha akapiga moyo konde. "Baba, nisamehe. Nilikucheka, kumbe ulikuwa unasema kweli."

Mzee alitazama pengo, kisha akaigeuza sarafu atazame upande wa pili.

"Kumbe sikuikata," akasema.

"Si ulikuwa unajua hukuikata, Baba?"

"Zamani nilijua. Lakini mlikuwa wengi, mwanangu. Mwisho nikadhani nimeisahau tu siku niliyoikata."